Pungufu Tano, Pungufu Mbili

Jumatatu, 9 Machi

Nimeletwa kwa wakwe kama kabati. Watu wawili mbele, wawili nyuma, na mke wangu akipiga kelele, "Polepole na hiyo kona!" Chumba chetu sisi kiko ghorofa ya tatu, na mguu wangu uko ndani ya plasta mpaka juu ya goti. Mke wangu anashinda kazini. Basi akaamua nije kwa wazazi wake, nami nikakubali, kwa sababu mtu aliyelala hana kura.

Nimepewa chumba cha nyuma. Dirisha moja linaloangalia ua wa saruji na bomba linaloshusha maji ya paa. Mvua imeanza leo, kana kwamba ilikuwa inasubiri nifike ndipo inifungie mlango.

Kazi yangu ni nyaya za umeme. Tangu ujana nimepanda nguzo kama watu wengine wanavyopanda ngazi za nyumbani kwao. Nguzo moja tu, iliyooza kwa ndani, ndiyo iliyonishusha bila kuniuliza.

Baba mkwe ni fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba hii ndicho duka lake, lina kidirisha cha kuongea na wateja barabarani. Alisimama mlangoni akanitazama kwa muda, akasema, "Fundi wa nguzo, karibu. Humu ndani kitu kirefu kuliko vyote ni kabati la Mama. Usilipande." Mama mkwe akacheka. Mimi sikujua kama naruhusiwa kucheka. Mzee huyu alinizungusha karibu mwaka mzima kabla hajanipa binti yake, na mpaka leo nahisi anasubiri nimrudishe.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Mguu unawasha ndani ya plasta, pale pale pasipofikika. Nimemwomba Mama sindano ya kufumia. Amenipa, akasema daktari asijue.

Jumamosi, 14 Machi

Siwezi kukaa. Siwezi kulala. Nimejaribu magongo koridoni: hatua chache kwenda, hatua chache kurudi, mpaka Mama akaniambia nampa kizunguzungu. Wateja hakuna kwa sababu ya mvua. Baba alikuwa sebuleni na gazeti, nikaketi karibu naye kwa kukosa pa kwenda.

Ukurasa wa mwisho wa gazeti una fumbo la kila siku. Juu wanaandika jumla kwa tarakimu nene. Chini yake kuna viboksi vyenye namba ndogondogo. Unachagua namba ambazo ukizijumlisha zinafika pale pale, hazizidi wala hazipungui. Wanakuambia uchague ngapi, na kila moja inatumika mara moja tu. La leo lilikuwa 51 kwa namba tatu, na viboksini mlikuwa na 5, 8, 14, 17, 22 na 26.

Nikaanza kunong'ona. Nane na kumi na nne, jumlisha ishirini na mbili...

"Unafanya nini?" Baba aliuliza.

"Najumlisha."

"Unajumlisha nini na nini?"

"Hii na hii, nione itakuja ngapi."

"Na kule juu ya nguzo unashika waya huu na huu, uone itakuwaje?"

Akagonga ile 51 kwa kucha. "Anza na jumla, ndiyo inayokupa habari. Hii ni shufwa au witiri?"

Maneno hayo niliyaacha shule ya msingi. Akaona nimekwama. "Inagawanyika kwa mbili?"

"Haigawanyiki."

"Basi ni witiri. Ukitaka namba tatu zikupe witiri, ama zote tatu ziwe witiri, ama moja tu. Humo witiri ziko ngapi?"

Nikatazama. "Mbili. Tano na kumi na saba."

"Tatu hazifiki. Kwa hiyo ni moja tu iliyomo. Umeshafukuza nusu ya kazi na hujajumlisha kitu."

Ukiichukua 5, unatafuta 46 kwa shufwa mbili, haipo. Ukiichukua 17, unatafuta 34: nane na ishirini na sita. Basi. Baba akazizungushia kalamu, akakunja gazeti na kuondoka bila kusema vizuri wala vibaya. Nimekasirika mchana kutwa, wala sijui nimekasirikia nini.

Jumatano, 18 Machi

Leo nimelipata fumbo kabla ya Baba. Nilijifanya nakohoa ili nisionekane nimefurahi.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Yeye kwanza.

Jumanne, 24 Machi

Mke wangu anasema nimekuwa kama mbwa anayesubiri gari la tajiri wake: nikisikia kengele ya baiskeli ya muuza magazeti nashika magongo. Sikubishana. Hapa ndani hakuna kingine kinachobadilika. Bomba linatiririka, saa za dukani zinagonga kila moja kwa wakati wake, mguu unawasha.

La leo lilikuwa 50 kwa namba tano, kati ya 4, 7, 9, 12, 15, 18 na 23. Nilizungukazunguka nalo mpaka kichwa kikapata moto. Baba alikuwa ameshamaliza, ananitazama tu.

"Namba ziko saba," alisema, "unatakiwa uchukue tano. Sasa kwa nini unahangaika na wa kuingia? Tafuta wa kutoka. Zote pamoja ni themanini na nane. Unataka hamsini. Wawili wanaotoka wana ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi?"

"Kumi na tano na ishirini na tatu."

"Ndiyo." Akasema bila kunitazama, "Ndivyo nilivyopata mkwe. Sikutafuta nani aingie."

"Ulitafuta nani atoke?"

"Wote walitoka. Ukabaki wewe."

Mama alicheka huko jikoni mpaka akaangusha mwiko. Na mimi nilicheka. Ndipo nilipomwona Baba naye anacheka, kwa mabega tu, mdomo umefungwa. Miaka yote hii nilidhani mzee huyu hana mzaha. Kumbe anao, ila hautoi nje mara kwa mara, kama vyombo vya wageni.

Jumapili, 29 Machi

Shemeji amekuja, kaka yake mke wangu. Anaishi mji mwingine, ni meneja wa ghala la saruji, mtu mwema anayeongea kwa sauti kubwa kama yuko kwenye simu yenye mtandao mbovu. Baba alipokwenda kuoga, walikuja wote chumbani kwangu kuongea, kwa sababu mimi ndiye nisiyeweza kutoka.

"Mama, sema kweli," shemeji alianza. "Imeanza lini?"

Mama akasema si kitu kikubwa. Halafu akaanza kuvitaja: Baba amemimina chai pembeni ya kikombe. Amemwamkia jirani kwa jina la mdogo wake. Amekwenda msibani na viatu viwili tofauti, cheusi na cha kahawia. Mteja amerudisha saa yake: mshale wa dakika ulikuwa umewekwa pa mshale wa saa.

"Akili inamwacha," shemeji akasema, na safari hii alisema kwa sauti ndogo. "Mvua zikiisha nawachukua wote wawili. Duka tufunge. Zile mashine za saa nitazitafutia mtu."

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, anavuta uzi wa shuka. Akauliza, "Nani atamwambia?"

Mimi nilitaka kusema, jamani, mtu huyu hunishinda hesabu siku nyingi kuliko ninavyomshinda. Lakini mimi ni mkwe, nimelala kwenye kitanda chao.

Alhamisi, 2 Aprili

Wingu tangu asubuhi, taa zimewashwa mchana, kisha umeme ukakatika. (Najua ni laini ipi. Najua hata nguzo ipi. Nimekaa nimekunja ngumi.) Fumbo lilikuwa 60 kwa namba tatu. Baba akazungushia haraka haraka, akaweka kalamu. "Nimemaliza."

Nikatazama alizozungushia: 13, 17 na 25. Hiyo ni hamsini na tano.

Nikarudia. Hamsini na tano.

Nilikunja gazeti nikalikalia.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Jumla ilikuwa 48. Amezungushia 9, 11 na 26. Ni arobaini na sita. Nimesema, "Vizuri, Baba."

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua juu ya mvua. Ua umejaa maji, kandambili zinaelea. Leo nusura niseme. Jumla 54, naye amezungushia 6, 13 na 23, akaegemea kiti na kufumba macho kama mtu aliyeshiba. Arobaini na mbili! Hata anayejifunza kuhesabu kwa vidole asingeifikisha hamsini na nne.

Mama alikuwa nyuma yetu na trei. Aliziona namba, akaniona na mimi ninavyomwangalia Baba. Akaweka trei chini taratibu, akarudi jikoni. Jioni mke wangu aliporudi walikaa jikoni na mlango umefungwa. Alipokuja chumbani macho yalikuwa mekundu.

"Hata hesabu," alisema. "Baba yangu, hata hesabu."

Nimemshika mkono. Nilifika nyumba hii nikimwogopa yule mzee, na sasa nashindwa kuvumilia kuona anapungua.

Jumamosi, 11 Aprili

Naandika haraka, naona nikichelewa itanitoka.

Leo gazeti halikuja kabisa, barabara imejaa maji. Kwa kukosa cha kufanya niliyatoa yale ya zamani chini ya godoro, yote niliyoyaficha, nikayatandaza kitandani. Kuna na lile la Jumatano iliyopita, jumla 40, naye amezungushia 3, 14 na 16, yaani thelathini na tatu.

Nilichotaka ni kujua amekosea kwa kiasi gani, labda nimwonyeshe daktari siku moja. La kwanza amepungukiwa tano. La pili, mbili. La tatu, saba. La nne, kumi na mbili.

Niliziangalia.

Mbona hazidi? Mtu aliyechanganyikiwa anakosea huku na huku. Leo atazidisha, kesho atapunguza. Huyu anapunguza tu. Kila mara anadhani amefika, kumbe bado. Namba anazozihesabu kichwani ni kubwa kuliko zilizoandikwa.

Nikafanya kama alivyonifundisha. Anza na jumla, ndiyo inayokupa habari. Jumla zangu zilikuwa tano, mbili, saba, kumi na mbili. Saba ni tano na mbili. Kumi na mbili ni tano, tano na mbili. Yaani makosa yake yote yamejengwa kwa vipande viwili tu: tano na mbili.

Sasa vipande hivyo vinatoka wapi? Kwenye lile la tano, 13. Kwenye lile la mbili, 26. Kwenye lile la kumi na mbili, 13, 23 na 6. Kila penye tatu, tano imepotea. Kila penye sita, mbili imepotea. Nikaiandika tatu kwenye pambizo la gazeti, nikaiandika na sita. Halafu nikazifunga zote mbili mapengo kwa kalamu.

Zikawa nane.

Tatu ukiisoma nane, umeongeza tano. Sita ukiisoma nane, umeongeza mbili. Hesabu zake zote zilikuwa sawa. Kumi na nane na kumi na saba na ishirini na tano ni sitini, kamili! Kichwa cha mzee kizima kama kengele. Haoni!

Na viatu je? Na chai? Na jirani na mdogo wake, ambao hata mimi nikiwa mbali nawafananisha? Na siku zenyewe: kila alipokosea ilikuwa siku ya wingu, taa hafifu.

Nimesimama bila magongo kwa kusahau, nikaanguka kitandani.

Jumapili, 12 Aprili

Mke wangu na Mama walikwenda ibadani. Nilichukua kipande cha mkaa, nikaandika namba kwenye karatasi ya kufungia, kila moja kubwa kama kiganja, nyingi zikiwa na tatu na sita. Nikamwambia Baba ni fumbo nililotunga mwenyewe. Alilimaliza kabla sijakaa vizuri, na lilikuwa sawa. Nikampa jingine. Sawa. La tatu pia. Halafu nikamsogezea gazeti la 10 Aprili, nikamwambia, "Baba, nisomee hii." Nilikuwa nimeweka kidole kwenye 23.

Akalisukuma gazeti pembeni.

"Baba, ni macho."

"Macho yangu mazima. Nafanya saa."

"Unafanya kwa ile lenzi ya kukuzia. Ukiitoa, huoni."

Akasimama, akaenda kufunga mlango wa sebule ingawa nyumba nzima haikuwa na mtu. Aliporudi alikaa karibu nami kuliko alivyowahi kukaa.

"Nilikuwa na kaka," alisema. "Alinilea yeye. Alipofika umri wangu huu jicho likaingia ukungu. Wakampeleka, wakalipasua. Likaoza. Likaondoka na la pili. Miaka aliyobaki nayo nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni, mtu aliyenifundisha mimi kushika bisibisi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Baba."

"Waache waseme nimezeeka. Mzee mwenye kusahau anaonewa huruma, basi. Lakini hakuna atakayenitia kisu kwenye jicho."

"Watafunga duka."

"Najua. Nasikia. Masikio hayana shida." Akanishika mkono, mkono mkavu wenye nguvu. "Mwanangu, nakuomba. Usiseme."

Hajawahi kuniita mwanangu. Nimeitikia. Mke wangu aliporudi ibadani nilijifanya nimelala.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Nimekwenda koridoni, nimerudi. Mke wangu anauliza mguu unauma? Nasema ndiyo.

Ijumaa, 17 Aprili

Shemeji amepiga simu: amepata mtu wa kuchukua mashine za saa, atakuja naye Jumanne. Mama amefunga simu akaenda kukaa dukani peke yake. Baba alinitazama, au alitazama upande wangu. Sijui anaona nini. Nimegundua namkasirikia. Ni rahisi mno yeye kuchagua giza, na sisi wote tukae humo pamoja naye.

Jumatatu, 20 Aprili

Naandika juu ya goti, herufi zinisamehe.

Mama ana kisukari. Kila asubuhi Baba humvutia dawa ya kushusha sukari kwenye sindano, kwa sababu vidole vyake Mama vimekufa ganzi. Amefanya hivyo miaka na miaka, ni kama salamu yao. Sikuwahi kufikiria! Nilikaa na jambo hili siku zote hizo nikitafakari duka na viatu, na sindano ilikuwa inapita mbele ya pua yangu.

Mke wangu alikuwa ameshaondoka. Mvua ilikuwa inapiga paa kiasi cha kutosikilizana. Mama alikuwa anakunja nguo, mara akaanza kuongea na mimi kama vile mimi ni mama yake. "Sijachukua, mama, si mimi." Jasho linamtiririka, baridi. Halafu akaketi sakafuni, shuka mkononi, kichwa kikaanguka upande.

"Baba!"

Nilifika jikoni sijui vipi. Gongo moja liliteleza kwenye maji, nikapiga goti zima chini, nikaenda kwa kutambaa. Sukari. Nilikoroga kwenye kikombe kwa kidole. Nilirudi nikiburuza plasta, nusu ya kikombe imemwagika. Baba alikuwa amempakata, anamwita kwa jina la utoto wake ambalo sijawahi kulisikia nyumba hii. Tulimnywesha kidogo kidogo, nyingine nikampaka ndani ya shavu. Anameza, hamezi. Anameza. Sijui ilichukua muda gani. Mvua tu.

Kisha akafumbua macho, akaniangalia, akasema, "Mbona umekaa chini na mguu huo?"

Nililia. Sina aibu kuandika.

Alipolala nilimkuta Baba jikoni, sindano tupu mkononi, ameisogeza mpaka karibu inagusa kope.

"Nilivuta kama siku zote," alisema.

"Vuta tena, Baba. Maji tu."

Akavuta. Nikaichukua, nikaenda nayo dirishani. Ilikuwa karibu mara mbili ya alivyoandikiwa na daktari.

Hakuniuliza ni ngapi. Alikaa kwenye kigoda cha Mama, mikono juu ya magoti, na alionekana mdogo sana.

Jumanne, 21 Aprili

Shemeji alifika na matope mpaka kiunoni, bila yule mtu wa mashine; mke wangu alikuwa amemwambia yote kwa simu. Tulikaa sebuleni. Mama alikuwa ameegemezwa mito, anasisitiza kuwa hana kitu.

"Baba," shemeji alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepasuka, "mimi sikulaumu. Ni umri. Lakini ungemuua Mama. Kesho naondoka nanyi."

Baba hakuinua kichwa. Mke wangu alikuwa analia waziwazi. Nilimtazama Baba nikimwomba ruhusa kwa macho, halafu nikakumbuka kwamba kutoka pale alipo hawezi kuyaona macho yangu. Ikabidi niseme kwa mdomo.

"Baba. Nitasema mimi, au utasema wewe?"

"Kusema nini?" shemeji aligeuka.

Mvua ilikuwa imepungua, bomba la uani linadondosha. Baba akainua kichwa.

"Lete mkaa," aliniambia.

Nikageuza kalenda ya ukutani, nikaandika nyuma yake namba kubwa kubwa, tatu na sita zimejaa, na jumla juu yake. "Shemeji, chagua nne zinazofika hapo."

"Sasa huu ni wakati wa michezo?"

"Jaribu tu."

Akatoa simu, kwa hasira, aanze kubofya. Hajafungua hata kioo cha simu, Baba akazitaja zote nne, moja baada ya nyingine, kutoka kitini kwake. Shemeji alibofya. Akatazama simu. Akabofya tena.

"Ni sawa," akasema polepole.

"Akili yangu iko mahali pake," Baba alisema. "Macho ndiyo yameondoka. Mwaka wa pili sasa. Mume wa dada yako alijua, nikamfunga mdomo, lawama zake nipeni mimi." Akageuka alipo Mama, akakosea kidogo, akawa anaongea na mto. "Niliogopa kisu. Nikaona afadhali wewe ndiye unisomee dunia. Sikujua kwamba nakuchoma kwa giza langu."

Mama akanyoosha mkono, akamgeuza uso kwa kidevu mpaka ukamwelekea yeye. "Niko huku," alisema.

Mke wangu hajaongea nami tangu mazungumzo hayo. Ameniambia neno moja tu: "Ungeniambia." Ni kweli. Ningemwambia.

Ijumaa, 24 Aprili

Daktari wa macho: ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na umekomaa. Baba akamweleza habari za kaka yake. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, hakumpa ahadi. Alisema siku hizi wanapasua kwa tundu dogo, wengi wanaona, wachache hawaoni, na yeye hawezi kumwambia atakuwa kundi gani. Baba akasema, "Ungeniahidi nisingekuja." Jicho la kulia kwanza.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Sasa namvutia Mama sindano mimi. Mke wangu amesimama nyuma yangu, akahakikisha, akaniachia mkono wake begani.

Jumatatu, 4 Mei

Plasta imetolewa. Mguu ni mwembamba na mweupe kama kitu kilichosahauliwa chini ya jiwe. Msimamizi wangu wa kazi amepiga simu: nguzo hapana, si mwaka huu, nikafundishe mafundi wapya, nikiwa chini. Nilitaka kubisha. Nilimwambia nitafikiri. Nimetembea uani, hatua mbili, tatu, nimeshika ukuta. Nimerudi, nikampigia, nikakubali. Nadhani nitakuwa mwalimu mkali.

Jumatano, 6 Mei

Wamemwingiza Baba chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye benchi wote wanne. Shemeji alinunua maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Mimi nilitembea. Kila nilipofika mwisho wa koridoni niligeuka. Mke wangu akaja kutembea pamoja nami, akipunguza mwendo ili nimfikie.

Baba alitoka na bandeji. Alituuliza kama mvua imekatika. Tulimwambia ndiyo.

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi hii nesi alifungua bandeji. Mama alikuwa amesimama mbele ya kiti, amefunga kitambaa kipya kichwani, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama msichana anayesubiri usaili. Sisi wengine tulibanana mlangoni.

"Fungua jicho polepole," nesi alisema.

Baba alipepesa. Maji yakamtoka. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akainua uso, akamtazama Mama. Alimtazama muda mrefu sana, kuanzia kitambaa mpaka viatu, akarudi usoni, akabaki hapo.

Sikujua kama anaona au anatafuta.

"Umezeeka," alisema.

Mama aliachia mkoba ukaanguka, akaziba mdomo, kicheko na kilio vikamtoka pamoja. "Na wewe je? Unadhani wewe ulibaki kijana huko gizani?"

"Sogea," Baba akasema. "Sogea hapa kwenye mwanga. Kuna mikunjo mingine siifahamu."

Akaanza kuigusa kwa kidole, mmoja mmoja, karibu na jicho, karibu na mdomo, anauliza huu umeingia lini, na huu je, naye Mama anamjibu. Nesi akatuashiria tutoke. Tukatoka.